Nani Kakwambia Kadi Imekufa?

"Skrini ilipozima, wenzako uliendelea kuwasikia?"

Ndivyo anavyoanza fundi mmoja wa kompyuta ninayemjua pale Kariakoo, na mpaka leo swali hilo halijanichosha. Mteja anakuwa kaingia na mashine kwapani, keshakata shauri: kadi ya grafiki imekufa, anachotaka ni bei ya nyingine. Anacheza gemu la mtandaoni, watano kwa watano, na kila jioni katikati ya pambano picha inapotea, gemu linajifunga, wenzake wanabaki wanne wakimlaani. Fundi hamwulizi kadi ni ya mwaka gani wala kainunua wapi. Anamwuliza alichosikia.

Tazama swali hilo linavyochambua. Sauti za wenzake zinakuja kwa intaneti, zinapita kwenye prosesa na kutokea kwenye hedifoni. Kadi ya grafiki haimo katika safari hiyo. Kwa hiyo kama skrini imekuwa nyeusi na zile kelele za "uko wapi, uko wapi" zinaendelea, intaneti ni nzima na kompyuta bado iko macho. Kasoro itafutwe upande wa picha. Kama sauti nayo iliganda, ikawa inakwaruza silabi moja, mashine nzima imekamatwa. Kama vyote vilizima kwa mpigo, taa na feni pamoja, macho yaende kwenye pawa saplai. Na kama picha ilibaki safi lakini wachezaji wengine wakawa wanatembea palepale mpaka ukaja ujumbe wa kukatika, hapo kadi inasingiziwa tu. Mteja anaweza kurudi nyumbani akaangalie ruta yake, na hakuna skrubu iliyofunguliwa.

Nimekaa kwenye benchi la duka lile kuliko shughuli zangu zinavyohitaji. Kinachoniweka ni kumwona mtu mwenye bisibisi mkononi akikataa kuitumia.

Ile picha kupotea, kwanza, ni jambo la makusudi, ingawa wachezaji wengi hawalijui. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, Windows huipa kadi kazi kisha huisubiri. Kadi ikikaa sekunde 2 bila kuitika, Windows huihesabu kuwa imeganda, na badala ya kuangusha kompyuta yote huiwasha upya kadi peke yake pamoja na draiva yake. Skrini inakuwa nyeusi kidogo, picha inarudi, na kwenye kumbukumbu za matukio kunaandikwa kwamba draiva ya picha iliacha kujibu na imepona. Kompyuta imeokoka, lakini gemu halikuokoka, kwa sababu kila lilichokuwa limekipanga ndani ya kadi kimefutika. Hali hiyo ikijirudia zaidi ya mara 5 ndani ya dakika moja, Windows nayo huchoka ikaleta ile skrini ya bluu.

Sasa soma tena alichoandikiwa mteja: kadi haikujibu. Ni kweli tupu, na hakuna neno hata moja linalosema kwa nini. Kadi inaweza kushindwa kujibu kwa joto, kwa umeme pungufu, kwa draiva mbovu, kwa ramu inayokosea, kwa prosesa inayokosea, au kwa sababu yenyewe kweli ni mbovu. Wengi wetu tunausoma ujumbe ule kama hukumu. Fundi anausoma kama maelezo ya shahidi, tena shahidi aliyekuwa amezimia wakati tukio linatendeka. Kuna wanaoshauri ule muda wa sekunde 2 urefushwe ndani ya mipangilio ya Windows, uwe 8 au 10. Nikamwuliza. Akasema hiyo ni kumruhusu mtu agande kwa muda mrefu zaidi kabla hujamsemesha.

Jambo la pili lililonishangaza ni vumbi. Mashine za mjini kwetu zikifunguliwa huwa na utando wa kijivu, mapezi ya hitsinki yamezibwa, na kwa hewa yetu ya pwani hata meno ya kadi, yale ya rangi ya dhahabu yanayoingia kwenye madabodi, huwa yamepoteza mng'ao. Fundi wa kawaida huanza na blowa, akaichomoa kadi, akayasugua meno kwa kifutio cha penseli, akairudisha, akaweka na pesti mpya kwenye chipu, akafuta draiva na kuweka mpya. Yote hayo ni mema. Gemu likicheza vizuri jioni ile, mteja anashukuru na kulipa. Lakini ni lipi kati ya hayo matano lililotibu? Hakuna anayejua, na tatizo likirudi baada ya wiki mbili, kwa kuwa lilikuwa limeguswa tu halikuondolewa, kazi inaanza sifuri.

Huyu wangu anaiacha mashine na vumbi lake. Wateja humwona mvivu. Anaiwasha kama ilivyokuja, anachukua kauntabuku, anachora mistari, na kazi yake ya kwanza ni kuifanya mashine ife mbele yake. Isipokufa hana la kutengeneza. Kifo kikishapatikana, anabadilisha kitu kimoja, anaandika, anaijaribu tena kwa namna ileile. Kisha anakirudisha kitu kile kilivyokuwa kabla hajagusa cha pili. Hapo kwenye kurudisha ndipo wengi tunaposhindwa. Mkono wa binadamu ukishaboresha kitu hautaki kukiharibu tena.

Kuifanya mashine ife kwa makusudi ni sanaa yake peke yake, na nitakaa hapa kidogo maana ndipo kuna utamu. Ipo programu maarufu ya kuitesa kadi, FurMark, ambayo huchora duara lenye manyoya likizunguka kwenye skrini. Inaichosha kadi kweli. Feni zinapiga kelele, joto linapanda. Watu wengi huliacha duara lile lizunguke usiku kucha, asubuhi wanatangaza kadi ni nzima, na jioni gemu jepesi linaiangusha ndani ya robo saa. Inakuwaje?

Kadi za siku hizi hazikimbii kwa kasi moja. Zinapewa kiwango cha wati, na ndani ya kiwango hicho zinapanda na kushuka zenyewe. Duara lenye manyoya linakula wati zote, kwa hiyo kadi inalazimika kupunguza megahezi ili isivuke mpaka wake. Inakuwa na joto, lakini inatembea polepole. Gemu jepesi halina mzigo huo. Kadi inabaki na nafasi, inapanda mpaka kwenye kasi yake ya juu kabisa, na huko juu ndiko kadi dhaifu inakojikwaa. Isitoshe, pambano la mtandaoni lina mawimbi. Dakika nzima mchezaji anavizia nyuma ya ukuta, kadi imepoa. Ghafla mabomu matatu, moshi, watu kumi kwenye skrini, na wati zinaruka kufumba na kufumbua. Mruko wa namna hiyo unaweza kuvuka kwa mbali kiwango kilichoandikwa kwenye boksi, kwa kipande cha sekunde kidogo mno. Ndiyo maana kanuni ya pawa saplai ya ATX 3.0, iliyotolewa na Intel mwaka 2022, inadai pawa saplai istahimili hadi mara mbili ya nguvu yake kwa sehemu 100 za milioni ya sekunde. Pawa saplai za zamani hazikuahidi kitu hicho.

Kwa hiyo fundi hutesa kadi kwa gemu lenyewe. Anafungua pambano la mazoezi, anamkabidhi mteja kipanya, na pembeni anawasha programu ya HWiNFO iandike kwenye faili joto, megahezi, volti na wati kila baada ya muda mfupi. Mashine ikifa, faili linabaki. Mistari ya mwisho ya faili lile ndiyo anayoisoma polepole kuliko kitu chochote dukani mle. Joto lilikuwa likipanda kwa mfululizo? Megahezi zilikuwa kileleni? Wati zilitoka wapi zikaenda wapi?

Jaribio lake ninalolipenda halihitaji hata bisibisi. Anaishusha kasi ya kadi kwa megahezi 100, kitu ambacho mchezaji hawezi kukiona kwa macho, na anasubiri. Kifo kikikoma, amepata fununu kwamba kadi inafikishwa mahali isipopaweza. Septemba 2020, kadi za RTX 3080 zilipoingia sokoni, wanunuzi wa mwanzo duniani waligundua kitu hichohicho: magemu yalikuwa yakijifunga pale kasi ilipokaribia megahezi 2,000, na waliposhusha kidogo yakatulia. Mjadala ukawaka kuhusu aina ya kapasita zilizopachikwa nyuma ya chipu. Kabla mwezi haujaisha Nvidia ikatoa draiva 456.55, na kwa wengi tatizo likapungua au kwisha.

Lakini kesi iliyonifanya niuheshimu ufundi huu moja kwa moja ni ya 2024. Wachezaji wa magemu yaliyojengwa kwa Unreal Engine, Fortnite likiwemo, walikuwa wakitupwa nje na ujumbe uliodai kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki imejaa. Watu wenye kadi za gigabaiti 24 waliambiwa zimejaa. Wakafuta draiva, wakaweka upya, wakashusha ubora wa picha. Kadi zao zilikuwa nzima.

Ukweli ulikuwa kwenye prosesa. Ndani ya gemu kuna sheda, yaani viprogramu vidogo vinavyoielekeza kadi namna ya kutia rangi kila nukta ya picha. Vinahifadhiwa vikiwa vimebanwa, na kabla ya kadi kuvipata lazima vifunguliwe na kutafsiriwa. Kazi hiyo ni ya prosesa, nayo huifanya kwa kasi yake yote, nyuzi zote zikikimbia. Prosesa ikikosea hesabu moja hapo, gemu linashindwa kuandaa kitu chake kwenye kadi, na ujumbe uliokuwa umewekwa tayari kwa ajili ya kushindwa huko ulikuwa ule wa kumbukumbu kujaa. Kampuni ya RAD Game Tools, ambayo programu yake ya Oodle hutumika kufungua data hizo, ilichunguza na kueleza wazi kwamba kosa si la Oodle wala la Unreal. Lilikuwa kwenye baadhi ya prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14. Julai mwaka huo watengenezaji wa gemu la Warframe nao walieleza walichokiona. Ripoti zao za gemu kufa zilionyesha kifo kikitokea ndani ya draiva ya Nvidia. Walipozipanga kwa aina ya prosesa, nyingi zikaangukia vizazi vilevile viwili.

Heko kwao. Ripoti zote zilikuwa zimeelekeza kidole kwa draiva ya kadi, na mtu angeweza kukaa mwaka mzima akizipanga kwa aina ya kadi na tarehe ya draiva. Kuuliza swali la pembeni, la kitu ambacho hakikutajwa kwenye ujumbe wenyewe, ndicho kile fundi wa Kariakoo anachokifanya anapouliza habari za sauti. Mwezi huohuo Intel ikasema prosesa hizo zilikuwa zikipata volti kupita kiasi kwa kosa la maikrokodi, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa yenyewe. Agosti ikatoa maikrokodi mpya, 0x129, na ikarefusha dhamana kwa miaka 2. Prosesa iliyokwisha kudhurika haikuponywa na marekebisho hayo. Ilibidi ibadilishwe.

Ipo na kesi ya upande wa pili. Julai 2021, kwenye majaribio ya gemu la New World la Amazon, kadi kadhaa ghali za RTX 3090 zilikufa, na lawama zote zikaliangukia gemu, kwa kuwa ukurasa wake wa kusubiri ulikuwa ukichora fremu bila kikomo. Amazon ikaweka kikomo. Baadaye kampuni ya EVGA, iliyouza kadi zipatazo dazeni mbili kati ya zilizokufa, ilizipiga eksirei na kukuta lehemu mbovu karibu na vipande vinavyodhibiti umeme. Gemu lilikuwa limeionyesha kasoro ambayo kadi zilitoka nayo kiwandani.

Turudi kwa kijana wetu mwenye mashine kwapani. Sauti za wenzake, alisema, ziliendelea. Basi upande wa picha. Gemu lilikufa mbele yetu katika pambano la pili la mazoezi, na faili likaonyesha joto la nyuzi 68 tu, megahezi za kawaida, na wati zikiruka katika mstari wa mwisho. Fundi akashusha kasi kwa megahezi 100, likafa vilevile. Akairudisha kasi, akaweka kikomo cha wati kwenye asilimia 70. Halikufa. Akaandika, akaondoa kikomo, likafa tena.

"Fundi, si ungeacha hapohapo kwenye sabini?" kijana akauliza.

"Kadi yako umelipia mia, dogo."

Ndipo akalaza mashine ubavu. Kadi ile ilikuwa na matundu mawili ya umeme ya pini 8, na kila tundu limeruhusiwa wati 150, ukiacha zile 75 zinazopita kwenye madabodi. Aliyeiunganisha alikuwa ametumia waya mmoja wenye vichwa viwili, kwa hiyo mzigo wote ulipita njia moja. Hilo lenyewe si lazima liwe kosa. Mashine nyingi huishi hivyo. Fundi akachukua mita, akazichomeka ncha zake kwa nyuma ya plagi ya kadi, penye uwazi mwembamba kati ya waya na plastiki, mkono wake umeegemea kwenye bodi usitikisike. Gemu likiwa limetulia, volti 12. Pambano likianza, 11.2. Kanuni ya ATX ya kabla ya 3.0 inaruhusu asilimia 5 chini ya 12, yaani 11.4. Wengi wangesema hapo: pawa saplai imechoka, leta laki kadhaa. Umeme mdogo wa mitaa yetu ungekubali lawama bila ubishi.

Akahamisha ncha za mita hadi kwenye plagi nyingine ya pawa saplai ileile, isiyobeba kitu. Pambano likaanza, mita ikasoma 11.9. Pawa saplai ilikuwa ikitoa umeme wake sawasawa. Ulikuwa ukipotea njiani. Akaizima, akachomoa plagi ya upande wa pili wa waya ule, iliyoingia kwenye pawa saplai, na kuigeuza kwenye taa. Ndani ya plastiki, pini moja ya pembeni ilikuwa imetanuka mdomo, haibani tena, na ukingo wake umeingia weusi kidogo. Ungeweza kuitazama mara kumi usiione. Nilitazama, sikuiona mpaka aliponionyesha kwa ncha ya sindano.

Nyaya mbili tofauti zikawekwa, kila tundu na wake. Kijana akacheza pambano zima, akaanza na la pili, akatabasamu. Nikadhani tumemaliza.

Fundi akazima mashine na kuurudisha ule waya mbovu.

"Ah! Si imepona?"

"Imepona kwa waya, au imepona kwa sababu nimeichomoachomoa plagi?"

Likafa kabla pambano halijafika katikati. Akatoa waya ule, akaukata vichwa vyote viwili kwa koleo ili usije ukatumika tena, akaweka zile mbili mpya, na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza siku ile akishika blowa. Vumbi likatoka nje hadi barazani, jirani muuza makava ya simu akalalamika.

Kijana, mwenye furaha, akaomba kitu kimoja cha mwisho: maadamu mashine iko hapa, fundi amwekee na draiva mpya iliyotoka juzi. Fundi alikuwa anaandika kwenye kauntabuku, hakuinua kichwa.

"Leo nimebadilisha waya. Kacheze wiki nzima na waya. Draiva njoo Jumatatu."